Fumbo la Kionjo cha Sinema

Watu wa Ngara huzungumza Kihangaza na Kishubi nyumbani, na wa Biharamulo Kisubi na Kizinza. Lakini katika kibanda cha video, ambacho wengi hukiita kibanda umiza, aghalabu lugha inayowakusanya ni Kiswahili. Humo, na leo hata katika simu, picha itakayokuja hutangulizwa kwa vipande vifupi viitwavyo kionjo. Jina hili limechaguliwa vizuri kuliko la Kiingereza, ambalo maana yake ni kitu kiburutwacho nyuma, kwa sababu hapo kwanza vipande hivyo vilionyeshwa baada ya picha kwisha. Kiswahili hakikutazama mahali pa kitu bali kazi yake: aonjaye mchuzi hajala, naye ndiye aulizaye chungu kitaepuliwa lini.

Namna kionjo kinavyoficha yaweza kuelezwa kwa sarufi. Sauti ikisema "Alirudi usiku", msikilizaji amepewa tendo na wakati wake; mtendaji hakutajwa jina, wala haijulikani kama ni mwanamume au mwanamke. Msemaji wa Kiingereza aghalabu hulazimika kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike, na hapo nusu ya siri imekwisha toka. "Alimwua" hubeba watu wawili wasiojulikana katika neno moja. Kihangaza na Kisubi, zikiwa lugha za Kibantu, nazo humtaja mtendaji kwa kiambishi kisichobagua mume na mke. Basi mtazamaji wa huko hafundishwi ujanja mgeni. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyesimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, alikuwa na silaha hii mkononi.

Picha nayo yaweza kunena kwa kiambishi kitupu: mkono wafungua mlango, uso hauonekani. Katika kionjo cha "Psycho" cha mwaka 1960, Alfred Hitchcock hutembeza watazamaji katika nyumba na hoteli yalimotokea mauaji, akianza sentensi na kuziacha njiani. Mwishowe huvuta pazia la bafu, na mwanamke hupiga ukelele. Mahali pametajwa, tendo limetajwa, muuaji hakutajwa. (Hata mwanamke yule si Janet Leigh anayeonekana bafuni katika picha yenyewe, bali Vera Miles aliyevaa nywele za bandia.)

Mtega kitendawili hufanya vivyo hivyo: hutaja sifa, huficha jina, na aliyeshindwa hutoa mji ndipo ateguliwe. Kionjo hudai mji huo mapema, mlangoni, kwa jina la kiingilio. Kwa hiyo mtazamaji ana haki ya kunung'unika ikiwa picha haina jibu la swali lililomwingiza.

Viko pia vionjo vinavyopita kisa kizima, tangu posa na ugomvi hadi mazishi, vikamalizia kwa "Kumbe ni mumewe ndiye aliyerudi!" Baada ya "ndiye" hiyo hakuna swali lililobaki, na aliyetega amejitegulia mwenyewe kabla hajapewa mji.