Fundi wa kushona aliyelea walimu

Mjini Kraków, Polandi, Sarah Schenirer alikuwa fundi wa kushona. Aliona wavulana wa Kiyahudi wakifundishwa Torati, lakini dada zao walikwenda shule za kawaida bila kujifunza imani yao. Mwaka 1917 akafungua shule na wasichana 25.

Miji mingine ikamuomba shule, lakini walimu hawakuwako. Basi akawafundisha wanafunzi wake kazi ya ualimu, akawatuma wangali wasichana. Alipofariki mwaka 1935, shule za Bais Yaakov zilikuwa zaidi ya 200.

Vita vikaja, Wanazi wakaua walimu wengi. Waliopona wakaanza tena kufundisha, Yerusalemu, London na New York.

Mama, yale unayoyajua, umemfundisha nani?