Sufu ya Mlimani na Mkono Unaosokota

Neno sufu sisi watu wa pwani tunalo tangu zama, bali kondoo wake hatunaye. Tumelipokea kwa Waarabu, wala mtu asilichanganye na sufi, ile ya msufi tunayojazia mito na magodoro. Sufu ni manyoya ya kondoo, na kila aliyepita chuoni ameisikia katika Suratu Nnahli, pale Mwenyezi Mungu anapowahesabia waja neema zake na kuitaja sufu pamoja na manyoya ya ngamia na nywele za mbuzi. Ni katika sura hiyo hiyo anapopigiwa mfano mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua. Mfano huo tunaufahamu sote, lakini ni wachache kwetu waliopata kumwona mwanamke akisokota uzi kwa macho yao. Mimi nimewaona, katika nchi za Meru na Embu.

Nianze upande wa Embu, huku chini Mbeere, ambako ardhi ni kavu na watu hufuga mbuzi. Kondoo wao ni wa kienyeji, wenye nywele fupi kama za mbuzi, wasio na sufu ya kusokotwa. Basi uzi hutoka mitini. Magome ya vichaka hubambuliwa, nyuzinyuzi zake zikatolewa, na mkonge vile vile. Mama hunyosha mguu, huweka nyuzi mbili juu ya paja, huzisukuma mbele kwa kiganja, kila mmoja ukajipota peke yake, kisha huzirudisha nyuma pamoja, zikakumbatiana. Msoko wa kwanza huenda huku, wa pili huenda kule, na kwa kushindana huko uzi haufumuki. Kwa nyuzi hizo hufumwa kiondo ambacho mama hukitundika kipajini akabebea mahindi na viazi.

Mama mmoja aliniuliza, "Mzee, kwenu pwani hamsokoti?" Nikamwambia twasokota, lakini sisi ni makumbi ya nazi. Huyafukia mchangani ufukweni miezi mingi yakaoza, kisha yakapondwa, na akina mama wakapota kamba. Alicheka akasema basi tu ndugu wa mkono mmoja.

Ukipanda kuelekea Meru ukauzunguka Mlima Kenya hadi Timau, upande wa kaskazini, hali hubadilika. Huko ni juu na baridi, mvua si nyingi kama Embu ya majani ya chai, na nyasi ni fupi. Hiyo ndiyo nchi ya kondoo wa sufu. Kondoo hawa ni wageni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alileta madume ya Merino huko Njoro akayachanganya na majike ya Kimasai, na alipata hasara kubwa kwa vifo. Kondoo mwekundu wa Kimasai huvumilia minyoo, ilhali Merino ni mwana wa kubembelezwa. Masetla wengine wakaendelea na kazi hiyo, na Timau ikawa mojawapo ya makao yake.

Kondoo hao hawafanani. Merino sufu yake ni laini na nyembamba mno, yenye mikunjo midogo midogo, nzuri kwa nguo ya mwilini, lakini humtesa msokotaji anayejifunza. Corriedale, aliyezaliwa New Zealand kwa kuchanganya Merino na Lincoln, sufu yake ni ndefu zaidi na hutii mkono. Romney hutoa sufu nzito inayofaa mazulia. Mjuzi huivuta kwa vidole viwili, akajua itakuwa fulana au zulia.

Kondoo akishanyolewa, sufu huchambuliwa uchafu, ikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu bila ya kusuguliwa, maana ikisuguliwa hushikamana ikawa kama blanketi. Kisha huchanwa kwa brashi mbili za meno ya waya. Hapo ndipo msokotaji anapokaa kwenye gurudumu, akikanyaga kama fundi wa cherehani, mkono mmoja ukivuta, wa pili ukiachia. Mpakani mwa Meru, katika mji wa Nanyuki, liko kundi la akina mama, Nanyuki Spinners and Weavers, lililoanza mwaka 1977 na linalofanya kazi hiyo kwa mikono, likitia rangi za mimea. Nyuzi mbili zikiunganishwa hupotwa kinyume cha msoko wa kwanza. Sheria ni ile ile ya paja la Mbeere.

Lakini kazi hii ina adui. Mwaka 1991 Australia, nchi kubwa ya sufu duniani, iliacha kuilinda bei, na bei ikaporomoka kote. Nyuzi za viwandani zimejaa madukani, na sweta za mitumba huuzwa rahisi. Wafugaji wengi wamegeukia Dorper, kondoo wa nyama anayepukutisha manyoya yake mwenyewe. Hata kiondo siku hizi mara nyingi hufumwa kwa uzi wa dukani.

Sisi wa pwani twaujua mwisho wa njia hiyo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alizikuta nguo zifumwazo hapo zikipelekwa hadi Misri. Huko Kilwa vimefukuliwa vigae vilivyotobolewa kati, uzito wa vijiti vya kusokotea pamba. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja Waislamu wa Sofala waliofumua nguo za buluu za Kambaya wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Kisha, tangu miaka ya 1830, merikebu za Salem zikaleta merikani, rahisi na nyingi. Hakuna aliyetukataza kusokota. Bei tu ilitosha. Leo mtande na mshindio kwa vijana wetu ni maneno ya kamusi.

Kwa hiyo msomaji ukipita Nanyuki au soko la Embu ukakuta zulia au kiondo cha uzi wa mkono, usianze kwa kukifananisha na cha kiwandani. Mfumaji mmoja huhitaji wasokotaji kadhaa kumtosheleza uzi, na kila mmoja wao ana watoto wa kulisha. Bei ukiivunja, aliyevunjwa ni wa mwisho katika mlolongo huo, yule aliyekaa na gurudumu. Naye akishaondoka, hatarudishwa kwa makala ya gazeti. Mkono mtupu haulambwi.