Je, Wajua? Fedha Iliyopikwa kwa Mwarobaini

Maji yenye nitrati ya fedha hayana rangi. Yatie mchujo wa majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, kisha subiri. Yanaanza kuwa ya njano, halafu hudhurungi, mpaka mgeni akiingia maabara atadhani ameandaliwa chai ya rangi.

Hakuna aliyetia rangi. Ni fedha yenyewe, sasa ikiwa chembe za nanomita 1 hadi 100, ilhali unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kwa udogo huo fedha haimetameti tena kama bangili: hunyonya mwanga wa zambarau na wa buluu, jicho likabakiwa na njano na kahawia.

Watafiti wa Maabara ya Taifa ya Kemia huko Pune, India, walichapisha kazi yao ya mwarobaini na fedha mwaka 2004. Mti huu tunausifu kwa maradhi arobaini, lakini hapa kazi yake kubwa ni upishi. Kemikali za jani huipa fedha elektroni, nayo ikaacha kuwa chumvi na kuwa metali. Nyingine hujibandika juu ya chembe zisigandamane. (Usichemshe sarafu ya reale ya bibi pamoja na majani. Sarafu haitatoa chembe hizo. Fedha sharti iyeyushwe kwanza kwa asidi ya naitriki.)

Je, wajua kwamba kipande cha fedha cha gramu 1 ni kidogo kuliko punje ya hindi, lakini ukikigawa chembe za nanomita 10, nyuso zake zikijumlishwa hufikia mita 57 za mraba? Hiyo ni karibu sawa na sakafu ya darasa la mita 7 kwa 8. Kwenye nyuso hizo ndiko ayoni za fedha huchomoka, zikashika salfa iliyo ndani ya vimeng'enya vya bakteria na kuharibu utando wa seli zao.

Ili chembe za fedha zipakwe kwenye kidonda, hubebwa na jeli, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa kaboma, unga mweupe unaopeperuka ukiufungua hovyo. Ukorogee majini, utapata uji mwepesi wenye asidi. Ongeza alkali kidogo tu, unakaza palepale na kusimama kijikoni. Faida ya jeli hiyo kwa kidonda ni unyevu. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba ngozi mpya hutambaa upesi zaidi penye unyevu kuliko chini ya kigaga. Wale wa "kiache kikauke" wana la kujibu.

Fedha si ngeni hospitalini. Krimu nyeupe ya vidonda vya moto, silva sulfadiazini, ililetwa na daktari Charles Fox mwaka 1968. Lakini bakteria nao hujifunza: mwaka 1975 iliripotiwa Salmonella sugu kwa fedha katika wodi ya walioungua, Boston. Tena fedha ikizidi huua hata seli za ngozi zinazojaribu kuziba kidonda. Ndiyo maana jeli nyingi zenye chembe za fedha zilizotengenezwa kwa majani bado zinapimwa kwenye sahani za maabara na kwenye panya.

Na wanaokunywa maji ya fedha kama dawa? Wengine hugeuka kijivu chenye ubuluu, hasa usoni na mikononi. Fedha iliyotua ndani ya ngozi hufanywa nyeusi na jua, kama filamu za picha za zamani, na rangi hiyo kwa kawaida haitoki.