Binti wa Bwera Apewe Nafasi ya Kujaribu

Kwa Wakonzo wa Kasese, Uganda, jina humtambulisha binti kabla hajajua kusema. Masika ni wa kwanza kuzaliwa, Biira wa pili, Kabugho wa tatu, Mbambu wa nne. Biira akipita soko la Mpondwe, watu wanajua kwao kuna dada mkubwa. Hilo si jambo dogo. Mtoto anakua akijua nafasi yake. Ila nafasi ya kuzaliwa haimwambii anataka maisha gani.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia alieleza kuwa kijana hujitambua kwa kupima njia mbalimbali, kisha kushika moja kwa hiari. Aliyechaguliwa njia na wakubwa huonekana ametulia, kumbe hajawahi kujiuliza. Sasa binti wa Bwera, huko huko Kasese, anayeteka maji alfajiri na kulea wadogo zake jioni, atajiuliza saa ngapi?

Mafunzo yanaweza kumsaidia, mradi yasiwe mahubiri. Milimani Kasese, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Bukonzo Joint umetumia mbinu iitwayo GALS, ambayo hata asiyejua kusoma anaiweza. Unachora duara juu kulia mwa karatasi: ndoto yako. Chini kushoto, duara jingine: hali yako leo. Katikati inapita barabara, fursa juu yake, vikwazo chini. Wakulima, wake kwa waume, wamechora hivyo mashamba na nyumba zao. Binti wa miaka 15 naye apewe penseli, na mkono wake ukisita kwenye duara la ndoto, mkufunzi asimchoree.

Lakini ndoto inataka senti. Mwaka 2008 shirika la BRAC lilianzisha klabu za wasichana Kampala, Mukono, Iganga na Jinja, zikifundisha stadi za maisha pamoja na ufundi, chini ya dada wa kijiji hicho hicho waliowazidi umri kidogo. Baada ya miaka 4, mtafiti Oriana Bandiera na wenzake walikuta wasichana wenye shughuli za kipato wameongezeka kwa asilimia 48, na mimba za utotoni zimepungua kwa zaidi ya theluthi. Mwenye chake mkononi anaweza kukataa posa asiyoitaka.

Bwera inastahili klabu kama hizo, zifunguliwe alasiri, kabla kazi za jioni hazijaanza, na wazazi waitwe siku ya kwanza kabisa.