Mshipa Unaotembea Mwilini, na Dawa ya Kupulizia Nyanya

Sisi wa Ijuganyondo tunapopulizia nyanya na kabichi zetu, tunafikiri dawa inamwua mdudu tu. Hebu tuone inavyofanya kazi, maana hata ndani ya mtu inafanya hivyo hivyo.

Kwenye ubongo hutoka jozi 12 za mishipa ya fahamu. Hii siyo mishipa ya damu. Ni kama nyaya za simu, inapeleka habari. Jozi ya 10 huitwa vegasi, yaani mtembezi kwa Kilatini, na jina linaifaa. Nyingi za wenzake huishia kichwani na usoni. Hii hushuka shingoni, ikapita kwenye moyo na mapafu, ikafika tumboni. Ukishakula ndizi zako ukapumzika, ndiyo inayoliambia tumbo lisage chakula, na moyo upige polepole.

Inasemaje na moyo? Mwaka 1921 Daktari Otto Loewi, kule Austria, alieleza alivyochukua mioyo miwili ya vyura. Alichochea vegasi ya moyo wa kwanza, ukapunguza mapigo. Kisha maji yaliyokuwa ndani yake akayatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo, bila kuchochewa! Kumbe mshipa unatoa kemikali yake. Wataalamu huiita asetilikolini. Ikimaliza kazi, mwili huivunja mara moja.

Sasa, baadhi ya dawa za wadudu huzuia asetilikolini isivunjwe. Basi amri haikomi. Mate, machozi na jasho vinatiririka. Mtu anatapika na kuharisha. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano. Mapafu yanajaa majimaji, pumzi inabana, na mtu anaweza kufa. Sumu hii hupita hata kwenye ngozi, kwa hiyo shati lililolowa dawa ni hatari, siyo uchafu tu.

Mwenzako akiwa hivyo, usimpe maziwa. Tunajua wengi mtabisha. Lakini mtu aliyelegea maziwa humwingia mapafuni. Wala usimtapishe. Mtoe shambani, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, ila usizishike nguo zile kwa mikono mitupu. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali pamoja na chupa ya dawa, ili daktari asome karatasi yake. Yeye anayo sindano ya atropini. Hiyo huziba masikio ya moyo na mapafu, yasiisikie tena ile amri.