BIMA IKISEMA "HAYO NI MAJARIBIO"

Mtu hulipia bima miaka nenda miaka rudi akijua siku ya ugonjwa hatahangaika. Siku hiyo ikifika, daktari anaandika tiba, nayo kampuni inajibu kwa barua fupi tu: hatulipi, tiba hiyo bado ni ya majaribio. Je, huo ndio mwisho wa mambo? La hasha! Mtu anaweza kukata rufani. Hebu tuangalie kisa kimoja cha huko Marekani.

Mwaka wa 1991 Bi. Nelene Fox wa California, mama wa watoto watatu, aligunduliwa kuwa na kansa ya matiti. Ugonjwa ulipofika kwenye uboho wa mifupa, madaktari wake walipendekeza apewe dawa kali mno, kali hata za kuua uboho wenyewe, kisha arudishiwe uboho wake uliotolewa na kuhifadhiwa mapema. Kampuni yake, Health Net, ilikataa. Eti majaribio! Jamaa na marafiki wakachanga zaidi ya dola 200,000 (harambee kama zetu tu), akatibiwa mwaka wa 1992, lakini akafariki Aprili 1993. Desemba mwaka huo juri, yaani wananchi wa kawaida walioitwa kusikiliza kesi, liliamuru kampuni iilipe familia dola milioni 89. Si mchezo! Kampuni nyingine zikaingiwa na hofu.

Hapo utadhani mnyonge kashinda na hadithi imekwisha. Bado. Mwaka wa 1999 matokeo ya uchunguzi mbalimbali yalitolewa, na karibu yote yalionyesha kwamba tiba hiyo haikuwazidishia wagonjwa maisha kuliko dawa za kawaida. Daktari mmoja wa Afrika Kusini, Werner Bezwoda, ndiye aliyedai kuwa inafaa sana. Wakaguzi walipokwenda kuangalia kumbukumbu zake mwaka wa 2000, kumbe alikuwa amedanganya, naye akakiri. Basi tiba iliyoshinda mahakamani ilishindwa hospitalini.

Je, kampuni ilikuwa na haki? Kwa maoni yangu, hapana. Aliyeamua kwamba tiba haifai ndiye yule yule ambaye angetoa pesa. Huwezi kuwa mchezaji na refa kwa wakati mmoja.

Kasoro hiyo ndiyo iliyorekebishwa baadaye. Mwaka wa 1996 California ilipitisha sheria ya kuwapa wagonjwa mahututi walionyimwa tiba za majaribio nafasi ya kusikilizwa na madaktari wasio wa kampuni. Sheria ya nchi nzima ya mwaka wa 2010 iliipanua haki hiyo kwa bima nyingi. Mgonjwa ana siku 180 za kukata rufani kwa kampuni yenyewe. Kama bado hajatibiwa, ajibiwe kwa siku 30. Kama hali ni ya dharura, saa 72. Akikataliwa tena, ana miezi minne ya kuomba waamuzi wa nje, na uamuzi wao unaibana kampuni.

Sasa, barua ya rufani iandikwe vipi? Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaandika machozi matupu: nina watoto, nimelipa miaka kumi. Ni kweli, lakini waamuzi hao wanatafuta ushahidi. Kwanza dai sababu ya kukataliwa kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba kilichotumika. Kisha daktari aeleze ni dawa zipi za kawaida zilizojaribiwa zikashindwa, aambatishe uchunguzi uliochapishwa katika majarida ya tiba, na aonyeshe kama vyama vya madaktari bingwa vinaikubali tiba hiyo. Barua ijibu sababu ile ile iliyotolewa. Kampuni ikisema "majaribio" nawe ukajibu "ni ya lazima", hujajibu kitu.

Na kama kweli tiba bado inajaribiwa, mgonjwa anaweza kuomba kuingizwa katika majaribio yenyewe. Tangu mwaka wa 2014 sheria ya huko inazitaka bima nyingi zilipie gharama zake za kawaida akiwa humo, mathalani kitanda na vipimo, hata kama dawa inayojaribiwa haimo.