Konokono na Sumu ya Madini

Mkulima akiona konokono katika kabichi zake humtupia bata, naye bata humla kwa furaha. Jambo hili si baya, maana konokono ni chakula chenye nguvu. Lakini kwanza yafaa kujua konokono huyo amekula nini.

Konokono hula majani mabichi, majani yaliyooza, na hata udongo, kwa kuwa hutafuta chokaa ya kujengea nyumba yake. Ikiwa udongo umeingiwa na risasi au kadimi, mboga huvuta madini hayo kwa mizizi, na vumbi lake hushika juu ya majani. Konokono akila, huyameza.

Je, madini hayo huenda wapi? Shaba kidogo anaihitaji, maana damu yake hutumia shaba kama yetu itumiavyo chuma. Risasi, sehemu yake kubwa hutoka pamoja na mavi. Lakini kadimi haitoki upesi. Hukusanyika katika kiungo kilicho kama ini, ndani kabisa ya nyumba yake, na huko hufungwa na protini maalum isimdhuru. Kwa hiyo konokono aweza kuonekana mzima na mnono, kumbe amebeba sumu. Huko Ulaya wataalamu humtumia kupimia uchafu wa udongo.

Bata akila konokono wengi wa namna hiyo, kadimi hukaa katika ini na figo zake. Kuku naye akiokota risasi, huipitisha katika mayai, na risasi huharibu akili ya watoto wadogo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, watu wengi walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu.

Basi fanyeni hivi:

1. Usivunje wala usitupe betri ya gari shambani. Irudishe kwa muuzaji.

2. Usiokote konokono wa kulisha kuku na bata karibu na jaa, gereji au barabara kuu. Okota katika shamba safi.

3. Udongo mchachu huachilia kadimi nyingi kwa mimea. Mwombe Afisa wa Kilimo akuonyeshe namna ya kupimisha udongo, na ukiambiwa utie chokaa, itie.

Takataka za jikoni huoza zikawa mbolea. Madini hayaozi. Ukiyatia leo, watoto wako watayakuta.